Lori hupimwa njia nzima, ndege ndogo hupimwa na nani?

BULUMBI, Busia – Dereva anayetoa mzigo Mombasa kuuleta Malaba au Busia anaijua mizani kama anavyoijua njia yenyewe: Mariakani, Athi River, Gilgil, Webuye. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, inasema lori kubwa lenye ekseli saba lisizidi tani 56, na kipimo ni kilekile uwe Kenya, Uganda au Tanzania. Ukizidisha, unalipa. Tunanung'unika, tunapoteza saa, lakini hakuna mfanyabiashara wa Bulumbi au Tororo anayeweza kusema hajui lori lake lina uzito gani.

Sasa chukua ndege ndogo aina ya Cessna Caravan, ile yenye injini moja na mabawa ya juu, inayotua kwenye viwanja vya murami kuanzia Kitale hadi Beni. Ikiwa imejaa abiria, mizigo na mafuta, haifiki tani nne na nusu. Ni kama Canter ya mahindi isiyojaa vizuri. Katika chombo chepesi namna hiyo, magunia mawili yaliyoongezwa nyuma dakika ya mwisho si jambo dogo hata kidogo. Lakini nenda kwenye kiwanja cha pembezoni uulize mizani iko wapi, na nani wa nje ya kampuni yenye ndege anahakiki karatasi ya uzito. Mara nyingi jibu ni rubani mwenyewe, na rubani ameajiriwa na mwenye ndege.

Naandika haya katika gazeti linalosomwa na watu wa mpakani kwa sababu ajali za ndege ndogo milimani zimekuwa zikihesabiwa kama habari za watalii na mawaziri. Si kweli tena. Barabara za Kivu na Ituri zikifungwa na vita au matope, mwenye duka la Butembo anapanda ndege kwenda Goma. Mirungi ya Meru inafika Somalia kwa ndege. Anayeuza bidhaa za Busia ndani zaidi ya Juba, mvua ikikata barabara, hana njia nyingine ila ndege. Jumuiya yetu sasa ina nchi nane, na sehemu kubwa ya nchi hizo zilizoingia karibuni haifikiki kwa lami. Kadiri soko linavyopanuka, ndivyo sisi tunavyopanda vyombo hivi vidogo, juu ya milima ileile.

Nianze na ajali iliyo karibu nasi. Juni 5, 2018, muda mfupi baada ya saa kumi jioni, Cessna Caravan ya kampuni ya FlySax iliruka kutoka Kitale kwenda Nairobi ikiwa na watu kumi: abiria wanane na marubani wawili. Kitale ni upande wa pili tu wa Mlima Elgon ukiwa Tororo. Ni mji ambao watu wa huku wananunua mahindi na kuuza nguo. Safari yenyewe ni fupi, haifiki hata muda wa kusubiri foleni ya malori siku mbaya. Kati ya Bonde la Ufa na Nairobi kuna safu ya Aberdare, ambayo kilele chake cha juu kina mita 4,001. Ndege ilipotea kwenye rada jioni hiyo. Iliwachukua watafutaji siku mbili kuyaona mabaki, katika eneo la Elephant Hill, kwa sababu ukungu na mvua havikuwaruhusu helikopta wala watembea kwa miguu. Wote kumi walikuwa wamekufa.

Wachunguzi wa Kenya walipotoa ripoti yao walieleza kwamba ndege ilikuwa ikiruka ndani ya mawingu, chini ya kimo kilichowekwa kuwa salama kwa eneo lile, na kwamba safari haikupangwa ipasavyo. Hapakuwa na bomu, wala injini haikuzimika. Ndege nzima, injini ikifanya kazi, watu wazima wenye leseni wakiwa kwenye usukani, iliingia mlimani.

Wataalamu wa usafiri wa anga wana jina la kitaalamu kwa aina hii ya ajali, ila maana yake ni hiyo tu: chombo kizima kinapiga ardhi kwa sababu anayekiendesha haioni ardhi, au anaiona ikiwa amechelewa. Na inavyotokea ni karibu mtindo mmoja kila mara. Asubuhi anga ya nyanda za juu huwa safi. Jua likipanda, hewa yenye unyevu inasukumwa juu ya miteremko na kugeuka mawingu, na kufikia alasiri vilele vimefunikwa. Rubani aliyechelewa kuondoka anakuta njia aliyoizoea imezibwa. Anashuka kidogo apite chini ya wingu. Wingu nalo linashuka. Bonde linazidi kuwa jembamba. Hapo kupanda ni shida, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi, injini haivuti kama inavyovuta Mombasa na mabawa hayashiki vizuri. Ndege iliyojaa inapanda polepole kuliko mlima unavyopanda mbele yake. Kugeuka nako kunahitaji nafasi ambayo bonde halina. Upande wa mlima uliokingwa na upepo kuna hewa inayoporomoka kwa nguvu ya kuishinda injini moja. Vipo vifaa vya kupiga kelele ardhi inapokaribia, lakini kwa mwendo wa ndege kifaa hicho kinakupa sekunde chache tu.

Ukishaelewa hayo, orodha ya ajali zetu inasomeka kama ajali moja iliyorudiwa. Mei 18, 1955, ndege aina ya DC-3 ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, iligonga Kilimanjaro na watu 20 wakafa. Septemba 1, 1999, ndege ndogo iliyobeba watalii kutoka Serengeti ilijipigiza Mlima Meru, watu 12. Julai 19, 2003, ndege ya kukodi iligonga Mlima Kenya karibu na kilele cha Lenana, watu 14, wengi wao wa familia moja ya Kimarekani. Septemba 1, 2008, ndege ya kubeba wahudumu wa misaada ilipiga mlima ikikaribia Bukavu, watu 17. Novemba mwaka huohuo, Cessna iligonga Mawenzi. Waitaliano wanne walikufa, rubani akapona. Novemba 15, 2017, Caravan iliyotoka Kilimanjaro kwenda Seronera ilianguka eneo la Empakai, Ngorongoro, watu 11. Ikafuata ya Aberdare. Na Oktoba 28, 2025, Caravan nyingine iliyotoka Diani kwenda Maasai Mara ilianguka kwenye vilima vya msitu vya Kwale, watu 11, wakiwemo Wahungari wanane na Wajerumani wawili. Hii ya Kwale sitaitia katika fungu moja na nyingine kwa sababu uchunguzi ndio utakaosema. Lakini ndege ni ya aina ileile na ardhi ni ya vilima.

Nimeziacha za wakubwa makusudi, maana hizo tunazikumbuka bila kukumbushwa. Aprili 10, 2006, ndege ya Jeshi la Anga la Kenya ilianguka Marsabit katika ukungu ikiwa na watu 17. Walikufa 14, akiwemo Bonaya Godana na wabunge wenzake, wakiwa njiani kwenda kupatanisha jamii zilizokuwa zikiuana. Juni 10, 2012, Profesa George Saitoti na Orwa Ojode walikufa na wengine wanne kwenye helikopta ya polisi karibu na Ngong. Agosti mwaka huohuo helikopta tatu za kivita za Uganda, zikiwa safarini kwenda Somalia, zilianguka Mlima Kenya; wanajeshi saba walifariki. Na hapa kwetu Busia, upande wa Kenya, hakuhitajika hata mlima. Januari 24, 2003, serikali ya NARC ikiwa haijatimiza mwezi mmoja, ndege iliyowaleta mawaziri kwenye sherehe ya Moody Awori iligusa nyaya za umeme ikiondoka kwenye kiwanja chetu kidogo na kuangukia nyumba. Waziri wa Kazi Ahmed Khalif na marubani wawili walikufa. Martha Karua, Raphael Tuju na Linah Kilimo waliumia. Wazee wa soko la Busia bado wanakuonyesha upande ilikoangukia.

Lakini ajali moja kati ya zote inaeleza kuliko nyingine kwa nini jambo hili ni la kikanda. Julai 30, 2005, Dkt. John Garang aliondoka Uganda kwa helikopta ya rais wa Uganda, aina ya Mi-172, kurudi kambini kwake New Site, kusini mwa Sudan. Alikuwa ameapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Sudan wiki tatu tu kabla. Jioni ilikuwa inaingia, hali ya hewa mbaya, na njia inapita milima ya mpakani. Garang na watu 13 wakafa. Tume ya uchunguzi iliongozwa na Abel Alier. Lakini kabla tume haijafungua hata faili, Khartoum ilikuwa inaungua. Watu waliamini ameuawa, na ghasia za siku chache zikaua watu kwa makumi. Chombo kilikuwa cha Uganda, abiria kiongozi wa Sudan, mahali palipoanguka ni mpakani karibu na Kenya. Ni nani aliyekuwa na haki ya kusimama siku ile na kusema, tulieni, tutawaambia ukweli, na akaaminika na pande zote tatu? Hakuwepo.

Wafanyabiashara waliokuwa wakipeleka bidhaa Sudan Kusini miaka ile wanajua maana ya uvumi. Uvumi hufunga barabara haraka kuliko amri ya serikali. Saitoti alipokufa Kenya iliunda tume chini ya Jaji Kalpana Rawal, na bado mtaani kuna watu wanaosimulia hadithi nyingine kabisa. Jenerali Francis Ogolla alipokufa na wenzake tisa kwenye helikopta Elgeyo Marakwet, Aprili 18, 2024, simu zilijaa nadharia kabla moto haujazimika. Sisemi watu ni wajinga. Mtu anayeona serikali inajichunguza yenyewe ana haki ya kutia shaka, kama vile wewe usivyoweza kukubali mizani ambayo ni mali ya anayekuuzia.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Jumuiya inahitaji chombo kimoja cha kuchunguza ajali za ndege, chenye wachunguzi wa nchi zote wanachama, kisicho chini ya wizara ya nchi yoyote wala chini ya mamlaka yoyote ya usafiri wa anga.

Najua jibu litakalotoka Arusha: tayari tunayo CASSOA. Ni kweli. Wakala huo wa Jumuiya wa usalama wa anga ulianzishwa mwaka 2007, makao yake yako Entebbe, na umefanya kazi ambayo haisifiwi inavyostahili, ya kulinganisha kanuni za nchi zetu ili leseni ya rubani na ukaguzi wa ndege visomeke kwa lugha moja. Lakini CASSOA ni chombo cha usimamizi. Anayesimamia hawezi kuwa ndiye anayechunguza, kwa sababu kuna siku uchunguzi utakuta kosa lilikuwa kwa msimamizi: kanuni ililegezwa, mkaguzi hakufika, muongoza ndege hakumwambia rubani kwamba yuko chini mno. Kanuni za kimataifa zilizo chini ya Mkataba wa Chicago wa 1944 zinadai uhuru huo waziwazi. Kanuni hizohizo zinairuhusu nchi ambayo ajali imetokea kwake kuukabidhi uchunguzi, wote au sehemu, kwa nchi nyingine au kwa chombo cha kikanda. Hivyo hakuna anayeweza kudai kwamba mamlaka ya taifa yatavunjwa. Afrika Magharibi, nchi za Mapatano ya Banjul, zikiwemo Nigeria, Ghana, Gambia na Sierra Leone, zina wakala wao wa pamoja wa kuchunguza ajali. Kama Gambia na Nigeria, nchi zisizolingana kwa lolote, zimeweza kukaa meza moja, Kenya na Uganda zinashindwaje?

Isitoshe, sisi tuliwahi kuwa na vya namna hiyo. Jumuiya ya kwanza ilikuwa na idara moja ya usafiri wa anga, idara moja ya hali ya hewa na shirika moja la ndege. Vyote vikagawanywa au kufa mwaka 1977, kila nchi ikaanza upya na vipande vyake. Kilichobaki kimesimama ni chuo cha urubani cha Soroti, kilichoanzishwa 1971 kwa ajili ya nchi zote tatu. Kutoka Tororo ni safari ya nusu siku tu. Hapo pana kiwanja, karakana, madarasa na historia ya pamoja. Nikiulizwa chombo kipya kiwe wapi, nitasema Soroti, mbali kidogo na wizara zote, na karibu na Elgon.

Pingamizi la pesa ni zito zaidi. Nchi wanachama hazilipi michango yake kwa wakati, na kila mtu anayefuatilia Arusha anajua mishahara na vikao vimewahi kukwama kwa sababu hiyo. Kuanzisha wakala mwingine wa kudai michango ni kuongeza mtoto kwenye nyumba isiyo na unga. Ndiyo maana sipendekezi jengo na magari. Wachunguzi wazuri wa ajali wapo tayari, wachache, wametawanyika Nairobi, Entebbe, Dar es Salaam na Kigali, kila mmoja akikaa miaka bila ajali kubwa ya kuchunguza, kisha siku ajali ikitokea kwake anazidiwa. Waorodheshwe pamoja, wafanye mazoezi pamoja, waitwe pamoja. Maabara ya kusoma vinasa sauti iwe moja, badala ya kila nchi kupeleka vyake Ulaya au Marekani. Ni biashara ya kawaida tu, watu wanne wasiomudu lori kila mmoja wananunua moja kwa ushirika.

Kuna pingamizi la tatu, na hili nalisikia sokoni kuliko kwa maofisa: barabara ya Busia na Malaba inaua kwa mwaka mmoja watu wengi kuliko ndege ndogo zote, sasa mbona tunalia na ndege? Ni swali la haki. Sidai ndege ni hatari kuliko barabara, na ningependa uchunguzi wa ajali za malori na bodaboda (neno lililozaliwa hapahapa mpakani, tukumbuke) ufanywe kwa nusu tu ya umakini huo. Lakini ajali za ndege milimani zina jambo moja la pekee. Sababu zake zinajulikana, zinaandikwa, na ni chache. Ni ugonjwa ambao dawa yake imo kwenye ripoti, na ripoti imo kabatini.

Au imo kwenye tovuti, kwa Kiingereza cha kitaalamu, kurasa kwa makumi. Kanuni zinataka ripoti ya awali ndani ya siku 30 na ya mwisho ndani ya miezi 12 ikiwezekana, na isipowezekana itolewe taarifa ya maendeleo kila mwaka siku ya kumbukumbu ya ajali. Mjane wa Kitale anaisomaje? Baraza la mawaziri la Uganda liliamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi. Kenya na Tanzania walishafika huko zamani. Basi kila ripoti ya ajali iliyotokea katika nchi hizi itolewe pia kwa Kiswahili, kurasa tano tu: nini kilitokea, kwa nini, nani ametakiwa kubadili nini, na je, amebadili. Hilo la mwisho ndilo linaloniudhi zaidi ninaposoma ripoti hizi. Mapendekezo yanatolewa, yanapokewa, na hakuna mahali pa umma pa kuona yametekelezwa au la. Forodha wanajua kufuatilia kontena moja lililofungwa lakiri kutoka Mombasa hadi Kampala kwa setilaiti, saa kwa saa. Kufuatilia pendekezo moja la usalama hakuwezi kuwa kazi ngumu zaidi.

Kuna na vitu visivyohitaji kikao cha wakuu wa nchi. Alaska, jimbo la Marekani lenye milima na ndege ndogo nyingi kuliko barabara, mamlaka ya anga ya nchi hiyo imeweka kamera kwenye zaidi ya vituo 200, kwenye mapito ya milima na viwanja vya pembezoni. Rubani, kabla ya kuwasha injini, anafungua picha na kuona pito liko wazi au limezibwa. Hiyo tu. Wafanyabiashara wa Busia wanafanya jambo lilelile kwa WhatsApp: mtu yuko Malaba anapiga picha ya foleni, mwenzake aliye Bungoma anaamua apite wapi. Kamera kumi, Aberdare, Mau, Elgon, Rwenzori, Virunga, na kwenye viwanja kama Kitale, zingegharimu chini ya gari moja la waziri. Idara za hali ya hewa za nchi zetu zikubaliane picha hizo zionekane na rubani yeyote, wa nchi yoyote, bure.

Kuhusu fidia, mfanyabiashara anayevuka mpaka kwa gari anaijua kadi ya njano ya COMESA. Ukigonga mtu Tororo kwa gari la Kenya, kadi inashughulikia. Angani kuna kitu kinachofanana nayo ambacho wachache wanakijua. Kwa safari za kimataifa, katika nchi zilizojiunga na Mkataba wa Montreal wa 1999, zikiwemo Kenya na Tanzania, kampuni ya ndege inawajibika kwa kifo cha abiria bila familia kulazimika kuthibitisha uzembe, hadi kiwango kilichopandishwa mwishoni mwa 2024 kufikia SDR 151,880 za Shirika la Fedha Duniani, yaani karibu dola laki mbili. Familia inaweza kudai zaidi ya hapo pia, isipokuwa kampuni ikithibitisha kosa halikuwa lake. Familia nyingi zinasaini karatasi ya mkono wiki ya mazishi kwa kiasi kidogo sana kuliko hicho, kwa sababu hakuna aliyewaambia. Vyama vya wafanyabiashara wa mpakani, vinavyojua kumfundisha mama muuza nyanya jinsi ya kutumia utaratibu rahisi kwa bidhaa zisizozidi dola 2,000, vinaweza kufundisha na hili kwa mchana mmoja.

Na abiria mwenyewe ana neno. Kwenye ndege ya viti kumi na viwili rubani yuko hatua mbili mbele yako, si kama ndege kubwa aliyofungiwa mlango. Unaweza kumuuliza kwa heshima, kapteni, njia ikizibwa tunarudi wapi? Mwenye jibu tayari atakujibu bila kuudhika. Panda ya asubuhi ukiweza, hata kama ya alasiri ni nafuu. Taja uzito wa kweli wa mzigo wako, na usimpe kijana wa kiwanja elfu moja aupitishe kando. Hili la mwisho nalisema kwetu sisi, maana tabia ya kuupitisha mzigo kando tumeizoea ardhini, na njia za panya za Busia zinajulikana. Ardhini ukikamatwa unapoteza mzigo tu. Na kama safari imeahirishwa kwa sababu ya ukungu, usiwe wewe unayepiga simu kwa mwenye kampuni kulalamika kwamba mteja anakusubiri Goma. Shinikizo la namna hiyo humfikia rubani, hata kama si waziri aliyelipeleka.

Ajali ya Kwale itatimiza mwaka mmoja Oktoba 28, 2026. Kufikia siku hiyo, kwa mujibu wa kanuni, Kenya itapaswa iwe imetoa ripoti ya mwisho au taarifa ya kueleza uchunguzi umefika wapi. Waliokufa walikuwa raia wa nchi tatu, na ndege ilikuwa ya nchi moja. Wajumbe wa Bunge la Afrika Mashariki wanaotoka upande huu wa mpaka, wa Kenya na wa Uganda, wana muda wa kutosha kuuliza swali rasmi huko Arusha kabla ya tarehe hiyo: ripoti itatoka lini, na itatoka kwa lugha gani?